Geti la Vusi na Punda wa Mzee Lazaro

Kabla hujatia kitu chochote kwenye tundu la kitasa, uliza nani yuko ndani. Nalisema hili kwanza kwa sababu nawaona. Mnafika kwa mteja drili inalia tayari, hata salamu hamjatoa. Jamani, drili ni ya mwisho! Uliza nani yuko ndani. Uliza kama jiko linawaka. Uliza mlango wenyewe ulianza lini kugoma, maana mlango hauharibiki siku moja. Unaanza kwa kukwaruza, halafu unataka kusukumwa kwa bega, halafu siku moja unakataa kabisa, na siku hiyo ndiyo wanakupigia simu huku wanapiga kelele.

Mimi ni Mama Furaha. Wengine mnanijua kutoka kanisani, wengine ni watoto wa wateja wangu wa Yeoville, mnaoelewa vizuri Kiswahili changu cha Uvira ila mnanijibu kwa Kiingereza. Sawa, jibuni mnavyotaka, lakini sikilizeni. Kazi ya vitasa niliifanya hapa Johannesburg mpaka mwaka 2019, magoti yaliponiambia basi. Nilikuwa kwenye kiduka kimoja cha Kensington, kando ya barabara kuu, kwa mzee mmoja Myahudi aliyeitwa Lazer. Mimi nikamwita Mzee Lazaro. Siku ya kwanza aliniambia yeye si yule aliyefufuliwa kwenye kitabu chetu, jina lake linatoka kwa Eleazari mtoto wa Haruni, na kama nataka kazi nishike, kwa Kiswahili chake cha kuokota, jembe la kufagilia. Nilimwambia hilo linaitwa fagio. Akaniajiri.

Niliingia pale kama mfagiaji, nikapanda kuchonga funguo, mwisho nikawa natumwa kwenye nyumba za watu. Wateja walikuwa wakifungua mlango wanachungulia nyuma yangu wakimtafuta mwanaume. Nilikuwa nawaambia fundi yuko kwenye gari amelala, nyie nionyesheni kitasa tu wakati tunamsubiri aamke.

Nilipoanza kutumwa peke yangu nilikwenda kwa bibi mmoja kurekebisha fremu ya mlango. Kwenye mwimo nikaona kidude kimepigiliwa kimelala upande, kirefu kama kidole. Mimi nimekulia kwenye kanisa la maombi, nikajua palepale: hirizi. Nikakitoa kwa bisibisi, nikakikemea kwa jina la Yesu, nikakitupa kwenye pipa la takataka. Nikarudi dukani na furaha yangu, nikamwambia Mzee kwamba yule bibi nimemsafishia nyumba. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kumbe yule bibi ni Myahudi kama yeye, na ndani ya kile kidude wanachopigilia milangoni mlikuwa na maneno ya Torati, yale ya kumpenda Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, maneno niliyokuwa nayaimba kila Jumapili nikipiga makofi. Tulikwenda wote wawili kuchakura lile pipa. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tangu hapo Mzee akaona heri anifundishe kabla sijamharibia wateja wote. Tukawa tunachonga funguo huku tunabishana Maandiko. Yeye na Torati yake, mimi na Injili yangu, na mashine ikilia katikati.

Sasa shikeni jambo la kazi, maana bila hili hamtaelewa yanayofuata. Mageti ya chuma ya hapa Johannesburg ni mazito, na bawaba zake zikichoka geti linalala. Likilala, uzito wote unakaa juu ya ulimi wa kitasa. Hapo hata ufunguo mzima hauzunguki. Mwenye nyumba anakasirika, anaukaza kwa nguvu, unakatikia ndani. Wewe ukifika usianze na ufunguo uliokatika. Anza na uzito. Mwite mwenye geti, mwambie ashike chini, anyanyue polepole kwa magoti na abaki amenyanyua. Yeye akiwa ameubeba mzigo, wewe ndipo uutafute ulimi. Peke yako hutaweza, hata uwe na vifaa gani. Mzee aliniambia hivyo mara ya kwanza nikadhani ni uvivu wake tu.

Basi. Mume wangu Deo, Baba Furaha, alikuwa fundi cherehani Yeoville. Si kwa sababu ni mume wangu, lakini mkono ule! Koti akilishona linakaa mwilini bila kuomba ruhusa. Jirani yake alikuwa Vusi, kijana mwenye spaza, anauza mkate, sigara na vocha za simu. Alikuwa anamwita Deo bhuti, kaka yangu. Baba yake Vusi alipofariki, suti ya kumzikia Deo ndiye aliyeishona, na wakati wa baridi walikuwa wanakunywa chai pamoja juu ya kreti ya soda. Nilikuwa nampa maandazi yangu kabla sijampa mume.

Mwaka 2015, kipindi kile watu wa nje walipokuwa wanasakwa mitaani, kundi lilipanda mtaa wetu likiuliza maduka ya wageni ni yapi. Ilikuwa Ijumaa, Mzee alikuwa amefunga mapema kwa ajili ya Sabato yake, kwa hiyo mimi nilikuwa dukani kwa Deo nakunja nguo. Tulikuwa tumeshateremsha mlango wa bati nusu, tumekaa kimya. Kutoka pale chini nilimwona Vusi amesimama kwenye mlango wa spaza yake. Wakamuuliza. Aliinua kidole akakielekeza kwetu.

Walivunja cherehani zote. Deo akang'ang'ania moja, ile ya kwanza aliyoinunua hapa nchini, ameikumbatia kama mtoto. Mtu mmoja akamkanyaga mkono wa kulia juu ya zege, akaukanyaga tena. Mfupa uliunga baadaye, ila vidole havikurudi. Mpaka leo mkono ule haufungi. Hauwezi kushika sindano, hauwezi kushika mkasi. Mume wangu akaenda kuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho, anaonyesha madereva kwa mkono wa kushoto warudi nyuma, wasogee mbele. Jioni anarudi, anakaa, hasemi.

Jumapili iliyofuata mchungaji wetu, Pasta Elia, alisema leo hatuondoki hapa na mizigo. Kila mmoja ainue mkono, amtaje adui yake kwa jina, aseme nimekusamehe, nakupenda. Deo aliinua mkono wenye plasta nyeupe juu kabisa, akasema kwa sauti, "Vusi, nimekusamehe, nakupenda." Kanisa zima likalia. Mimi nilifumba macho, nikakohoa badala ya kutaja jina.

Nilikuwa na hasira, wanangu. Hasira niliyoamka nayo asubuhi na kulala nayo usiku. Na Jumatano nilikuwa na mahali pa kuipeleka. Kanisani kwetu Jumatano wamama tunakuwa na maombi ya vita, mnayajua. Tunachukua Zaburi zile kali, za kuvunja meno ya waovu, tunawataja adui, na baada ya kila jina tunapiga kelele: Moto! Nilikuwa namtaja Vusi. Moto! Nyumba yake. Moto! Nilikuwa natoka mle nimekauka sauti na moyo mwepesi kidogo, mpaka Alhamisi.

Nilimweleza Mzee habari zote. Hakunipa pole nyingi, hakuwa mtu wa pole. Aliniuliza, "Sasa wewe unampenda huyo Vusi?"

"Nimeamriwa nimpende."

"Sikukuuliza ulichoamriwa."

Nikachukua ufunguo mwingine wa kuchonga. Akazima mashine. "Mimi kwenye Torati sikuamriwa kumpenda adui yangu," akasema. "Nimeamriwa habari za punda wake."

"Punda gani tena, Mzee?"

Akanieleza. Ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, na moyo wako unataka kupita zako, usipite. Nyanyua pamoja naye. Ukikuta ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishe. "Hapo moyo haujatajwa," akasema. "Kasirika unavyotaka. Mikono yako ndiyo imeamriwa."

"Yesu amekwenda mbele zaidi," nikamwambia. "Amesema mlisikia umpende jirani yako na umchukie adui yako, lakini yeye anasema mpendeni."

"Walisikia wapi hilo la kumchukia adui? Nionyeshe lilipoandikwa."

Ah, nikasema huyu mzee leo namkomesha. Nikaenda nyumbani, nikachambua Walawi yote. Nikakuta umpende jirani yako kama nafsi yako. Nikakuta usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee usoni pake. Amri ya kumchukia adui sikuiona. Punda nilimkuta, tena kwenye Biblia yangu mwenyewe, kwenye Kutoka, na hakuna pasta aliyewahi kunihubiria punda huyo. Lakini nilikuta pia Zaburi ambamo mtu anamwambia Mungu kwamba amewachukia adui zake chuki kamili. Asubuhi nikamwekea Mzee pale juu ya kaunta.

Alisoma, akakuna kidevu. "Imo," akasema. "Na Amaleki yumo pia, taifa tuliloamriwa kulifuta, na hayo ni makali kuliko haya. Sikufichi. Torati haikupewa malaika, ilipewa watu. Lakini mbona ninyi mlioambiwa mpende, Jumatano mnaazima Zaburi zetu kuchomea watu nyumba?"

Niliharibu funguo za wateja asubuhi ile, moja baada ya nyingine, kwa hasira. Aliziokota chini bila kusema kitu, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Mchana nikamrudia. "Haya, Mzee. Tuseme nimemnyanyulia punda wake. Kusamehe je?"

"Mkono ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Basi wewe huwezi kuusamehe. Pasta wako hawezi. Mtu akimkosea mtu, hata Mungu anamwambia nenda kwanza kwa uliyemkosea, kamwombe yeye."

"Na asipokwenda?"

Mzee alichukua ufunguo, akaupuliza vumbi la chuma, akautazama kwenye mwanga. "Anasubiriwa," akasema. Halafu akaniambia habari za mdogo wake. Duka lile walilifungua wawili. Mdogo mtu akamdhulumu, wakaachana, akahamia upande mwingine wa mji. Mzee akakaa kwenye haki yake anamsubiri aje aombe. Yule ndugu akafia hospitali. "Mpaka leo namsubiri," Mzee akaniambia, akawasha mashine.

Nilimwonea huruma siku ile. Nikaona kumbe na Torati yake ina mahali inapouma, kama Injili yangu.

Mwaka 2017, mchana wa siku ya kazi, mama mmoja aliingia dukani anahema. Kuna gogo, bibi kizee, amefungiwa ndani mtaa wa nyuma, ufunguo umekatikia kwenye geti na moshi unatoka jikoni. Zimamoto wameitwa, hawajafika. Nilinyakua mkoba wa vifaa nikakimbia. Mzee akanifuata na drili, anaburuta nyonga yake mbovu.

Nyumba ilikuwa ndogo, yenye kibaraza. Mlango wa mbao ulikuwa wazi, lakini mbele yake geti la chuma limefungwa, na nyuma ya zile nondo amesimama bibi wa watu, ameziba pua kwa kanga, sijui shuka. Nyuma yake moshi mweusi umeshuka kutoka darini. Mwanaume mmoja alikuwa ametupa mgongo, anavuta geti kwa mikono yote miwili, anapiga kelele. Nikasema, "Sogea, mimi ni fundi." Akageuka.

Vusi.

Spaza yake ya Yeoville naijua, kwao sikupajua. Nitawaambia nilichosikia, kwa sababu nimeshakuwa mzee na sina wa kumdanganya. Kwanza nilifurahi. Ndiyo. Ilinijia kama maji ya moto kifuani: sasa nawe uonje. Na papo hapo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana mimi ndiye niliyepiga kelele moto, moto, nyumba yake, moto, Jumatano baada ya Jumatano, na sasa moto huu hapa, na aliyemo ndani ni bibi kizee ambaye sikumtaja kamwe.

Na yeye alinijua. Aliachia geti, akainua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Nusu ya ufunguo ilikuwa bado imo kwenye ngumi yake. "Mama Furaha," akasema. "Tafadhali. Ni mama yangu."

Nilisimama na mkoba wangu. Yule gogo alikohoa, akanyoosha mkono kati ya nondo, akaniita mntanami, mwanangu, kwa Kizulu. Hakujua mimi ni nani. Nikasikia nyuma yangu Mzee amefika, pumzi zinamwisha, na neno alilopata nafasi ya kulitoa lilikuwa moja tu.

"Punda."

Nikapiga magoti.

Geti lilikuwa limelala vibaya mno, bawaba ya juu imeng'oka nusu. Uzito wote umekaa juu ya ulimi, na kipande cha ufunguo kiko ndani kabisa. Kuchimba kwa drili kungechukua muda ambao yule bibi hakuwa nao. Ilikuwa ni kunyanyua. Nikamtazama Mzee na ile nyonga, nikamtazama yule mama aliyekuja kuniita, mwembamba kama ufagio. Aliyebaki ni mmoja.

"Vusi! Shika chini hapa. Kwa magoti, si kwa mgongo. Nyanyua polepole na ubaki umenyanyua. Usivute, usitikise."

Akainama, akashika. Geti likapanda kidogo, nikaona mwanga kati ya geti na fremu. Hapo kuna kitu sikuwaeleza mwanzo. Kitasa kikiwa kimekwama vile, lazima uingize vidole kwenye ule mwanya uusukume ulimi kwa upande wakati mkono mwingine unazungusha silinda. Geti likiachiwa, vidole vimekwisha. Ulikuwa mkono wangu wa kulia.

"Mkono wangu umo humu," nikamwambia. "Unaelewa? Umo humu ndani. Ukiachia, hautarudi."

Alinitazama. Tulikuwa karibu kiasi kwamba jasho lake lilidondoka juu ya kiganja changu. Alielewa nilichokuwa nasema, na mimi nilijua ameelewa. "Siachii, mama," akasema.

Nikaingiza kijichuma chembamba chenye meno, cha kunasia funguo zilizokatika, nikakitafuta kipande. Kikateleza. Nikarudia. Kikateleza tena. Moshi ulikuwa unanichoma macho, sioni, nafanya kwa kugusa tu. Mikono ya Vusi ilianza kutetemeka, geti likatetemeka nayo, nikasikia chuma kimegusa kucha zangu. "Shikilia!" Mzee akapiga kelele. "Shikilia, nyanyua pamoja naye!" Vusi akaingiza bega chini ya upau wa geti, akanguruma, likapanda tena. Kipande kikashika meno. Nikakivuta kikatoka, nikatia kibati changu cha kuzungushia silinda, nikazungusha, nikausukuma ulimi kwa kidole. Tak. Hakuna sauti naipenda maishani mwangu kuliko ile.

Gogo alituangukia wote wawili. Yule mama mwembamba ndiye aliyeingia na blanketi la maji akaifunika sufuria na kuzima jiko, mimi bado nimemshika gogo. Ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi mpaka juu, basi, zaidi ya hapo hakuna. Zimamoto walifika wakatazama, wakatupongeza, wakaondoka.

Vusi alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. "Mungu akubariki, Mama Furaha," akasema. "Mungu akubariki sana."

Nikaona nikinyamaza hapa nitanyamaza mpaka kufa. Usimchukie moyoni, mkemee usoni. Nikamkemea. "Ulinyoosha kidole," nikamwambia. "Mtu uliyekunywa chai yake, aliyemshonea baba yako suti ya kaburini, ukamnyooshea kidole. Mkono wake haufungi, Vusi. Kifungo cha shati namfunga mimi. Nimekuombea moto, usikie, nimekuombea moto nyumba hii iungue, na leo nimekuja kuuzima kwa mikono yangu, na bado nina hasira na wewe."

Mama yake alimgeukia. "Ni kweli anayosema?"

"Eish, Ma." Alijifunika uso. Halafu akasema kwamba baba yake alikuwa mgeni kutoka Maputo, na mtaani walikuwa wanajua. Alisema wale watu walipomuuliza aliogopa kwamba asipoonyesha mwingine, wangemwonyesha yeye.

Nilimwamini, na haikunipoza. "Mimi sikusamehe," nikamwambia. "Si kwa roho mbaya. Mkono si wangu. Mwenye mkono yuko Yeoville, ghorofa lile lile."

"Nitakuja," akasema.

Hakuja. Jumapili zikapita. Nilimweleza Deo yote, akasema tu, "Mimi nilishamsamehe zamani, Mama Furaha, kanisani ulinisikia." Jumatano nilikwenda kwenye maombi nikakaa nyuma, na walipopiga kelele moto mimi mdomo ulikataa. Kila asubuhi Mzee alikuwa ananiuliza, "Amekuja?" Nami namjibu bado. Asubuhi moja aliuliza, nikajibu, akavua aproni. Akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kufanya isipokuwa kwa sikukuu zake. Akatoka, anaburuta nyonga, kuelekea mtaa wa nyuma. Aliporudi nikamuuliza amemwambia nini. "Nimemwambia habari za mdogo wangu," akasema, akavaa aproni.

Jumapili ya wiki ile ile, tumetoka kanisani, mlango ukagongwa. Deo ndiye aliyefungua. Nje amesimama Vusi, amevaa suti ile ya mazishi ya baba yake, na gogo kando yake amebeba bakuli la skonzi limefunikwa kitambaa. Deo aliwatazama. Mume wangu, aliyeinua mkono mbele ya kanisa zima akasema nakupenda, aligeuka, akaingia chumbani, nikasikia ufunguo umezunguka.

Nikawakaribisha. Nikapika chai. Tukakaa tunautazama mlango ule. Kitasa chake ni cha bei ya chini kabisa, nilikinunua mwenyewe, kwa pini ya nywele nakifungua hata nikiwa nimelala.

Gogo akaniinamia. "Mama, si ndiyo kazi yako? Fungua."

"Hapana, Gogo," nikamwambia. "Humu hakuna jiko linaloungua."

Chai ikapoa. Hakuna aliyegusa skonzi. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa nguvu mpaka viganja vinauma, naogopa Vusi atasimama aage, na akiaga leo harudi tena, na mume wangu atabaki mle ndani na ule msamaha wake mpaka siku ya kufa. Kweli Vusi akasimama. Lakini hakwenda nje. Alikwenda kwenye mlango wa chumba, akaweka paji la uso juu ya mbao.

"Bhuti Deo," akasema. "Ni mimi niliyenyoosha kidole. Hakunishika mtu mkono. Nimekuja kukuomba."

Nilisikia watoto wa jirani wanapiga mpira kwenye korido. Halafu kitanda kikalia, na ufunguo ukazunguka.

Deo alitoka macho mekundu. Alisimama mbele ya Vusi, akalitazama lile koti, mabega, mshono wa kola, kazi yake mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule ule. Vusi akaupokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika yai, anaogopa kumuumiza.

"Shika vizuri," Deo akamwambia. "Wangu haukazi. Kaza wewe."